Nakala Ambazo Sikuzisoma

Wajukuu zangu, na nyinyi mlio wajukuu wa wenzangu, mnaokaa kutwa mbele ya kompyuta kule Posta na kwingineko: marahaba, hata kama hamjaniamkia bado. Kaeni kidogo, nina jambo ambalo nimelibeba peke yangu kwa miaka mingi.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Rukia, ambaye kazi yake ni hiyohiyo ya kompyuta, alikuwa ananieleza wanavyohifadhi mambo ya kampuni yao. "Bibi, siku hizi bakapu, zile nakala za akiba, zinajifanya zenyewe. Sisi tunalala, zenyewe zinaenda."

Nikamwuliza, "Na nani anazirudisha, aone kama zinarudi?"

Akacheka. "Bibi nawe."

Kile kicheko ndicho kilichonikalisha chini niandike. Nami niliwahi kucheka hivyo.

Naitwa Somoe. Nilizaliwa Lindi, nikaja Dar es Salaam nikiwa msichana, nikafanya kazi katika shirika moja la umma lililosambaza mbolea, majembe na mbegu kwa wakulima. Sitalitaja jina, maana limeshakufa na marehemu hasemwi kila siku. Ofisi zetu zilikuwa ghorofani, karibu na Kivukoni, na upepo ukigeuka tulijua Feri wameshusha samaki gani. Enzi hizo sote tuliitana ndugu, kuanzia mfagizi hadi meneja mkuu, ingawa ndugu meneja mkuu alikuwa na gari na ndugu mfagizi alikuwa na ufagio.

Nilianza kama mtoboa kadi. Kompyuta ya wakati ule ilijaza chumba kizima, na haikujua kusoma maandishi. Ilisoma kadi ngumu za karatasi, kila moja sawa na bahasha kwa ukubwa, na matundu yake ndiyo yaliyokuwa herufi na tarakimu. Tulikuwa wasichana sita, tunatoboa kuanzia asubuhi, kelele kama mvua juu ya bati.

Wiki yangu ya pili nilijikwaa ngazini na sanduku lenye kadi kama elfu mbili. Zilimwagika mpaka chini kwa mlinzi. Mkubwa wa chumba cha mashine alikuwa Mzee Bruno, Mmakua wa Masasi, mwembamba, mkimya, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama. Nilidhani atanifukuza. Aliinama tukaokota pamoja, akaniacha nizipange upya, kazi iliyonichukua siku mbili. Nilipomaliza, akatoa kalamu ya risasi, akachora mstari wa mshazari ubavuni mwa rundo zima, toka pembe hadi pembe.

"Sasa zidondoshe tena," akasema.

Nikamtazama.

"Kadi ikikaa pasipo pake, mstari unavunjika. Utaona kwa jicho tu."

"Mbona hukuniambia juzi, Mzee?"

"Juzi usingelisikia."

Ndivyo alivyofundisha. Kwanza alikuacha uumie kidogo, kisha akakupa dawa. Chumba cha mashine kilikuwa baridi, kiyoyozi kinanguruma, na sisi ndio watu pekee wa Dar tuliokwenda kazini na sweta mkononi. Siku moja fundi wa mashine, Ndugu Fidelis, alinunua changu wawili Feri asubuhi, akawaficha nyuma ya kabati la kanda wasioze mpaka saa za kutoka. Mzee Bruno alinusa mara moja. Akafungua kabati, akamtoa samaki mmoja kwa mkia, akasema kwa upole, "Ndugu Fidelis, kanda zangu zinapata chumvi ya kutosha toka baharini. Mchuzi hazihitaji." Fidelis akawatoa samaki wake, na tangu siku hiyo tukamwita Ndugu Changu.

Nilipopandishwa kutoka kadi hadi kanda, ndipo nilipomjua vizuri. Kanda ilikuwa utepe mrefu wa rangi ya kahawia uliozungushwa kwenye gurudumu, na humo ndimo tulimohifadhi kila kitu: mbegu gani zimetoka ghalani, kwa lori lipi, kwenda kijiji gani. Mzee Bruno alitaka kila kanda iwe na ukoo. Ya leo ni mtoto. Ya juma lililopita ni baba. Ya kabla ya hapo ni babu. Mtoto akiharibika, unamzaa upya kutoka kwa baba. Na babu halali nyumba moja na mjukuu, maana nyumba ikiungua wasiende wote. Kwa hiyo kila Ijumaa nilimtia babu kwenye kikapu, nikamfunika kwa kanga, nikampeleka ghala letu la Gerezani. Jirani zangu Kariakoo waliamini natembeza filamu za sinema, na wakaniomba mara kadhaa niwaoneshe moja.

Juu ya yote hayo alikuwa na sheria moja ambayo hakuiachia hata siku ya mvua. Tulikuwa na mashine mbili za kanda. Nakala ikiandikwa kwenye mashine moja, lazima isomwe yote kwenye ile nyingine kabla haijaingia kabatini.

"Kwani haiwezi kusomwa hapohapo ilipoandikwa?" niliwahi kumwuliza.

"Wewe una mwandiko mbaya, Somoe?"

"Kidogo, Mzee."

"Lakini wewe mwenyewe unausoma. Mashine nayo hivyohivyo. Kichwa chake cha kuandikia kikipinda kidogo, itaandika kombo, na itasoma kombo lake bila shida. Ukimpa mwingine asome, ndipo utakapojua kama umeandika au umechorachora." Kisha akaongeza, "Nakala usiyoisoma ni tetesi tu."

Kulikuwa na daftari kubwa la kanda. Safu ya mwisho iliandikwa Imesomwa, na mbele yake saini. Alipostaafu kurudi Masasi, alinikabidhi funguo za kabati na daftari hilo. Hakutoa hotuba. Aliweka kidole kwenye safu ile ya mwisho, akakiacha pale kwa muda, kisha akaenda kuagana na mfagizi.

Vijana, mmesikia habari za miaka ya upungufu, lakini kusikia si kuishi. Sukari ilikuwa kwa foleni, sabuni kwa foleni, unga kwa foleni. Mume wangu alikuwa kazini mikoani, mimi nina watoto wawili katika chumba kimoja Mtaa wa Mchikichi. Kazi ilikwisha saa nane na nusu mchana. Jirani yangu Mama Chausiku alipopata habari kwamba sabuni imeingia duka fulani, alituma mtu aje kuniambia, na aliyechelewa alikuta mlango umefungwa na watu wanatazamana.

Siku ya kwanza nilikuwa na nakala mezani bado haijasomwa, na sabuni imeingia. Nikaandika Imesomwa, nikatia saini, nikajiambia nitaisoma kesho asubuhi. Na kesho yake niliisoma kweli, ikasomeka. Mara ya pili nilisaini, kesho yake nikasahau. Mara ya tatu sikujisumbua hata kujiahidi. Kila wiki daftari lilikuwa safi, saini zimejipanga kama askari, na mimi nilikuwa na sabuni.

Mashine namba moja ilikuwa imechoka, mara inakwama, mara inatafuna utepe. Kwa hiyo nikawa naandikia kila kitu namba mbili. Mtoto, baba na babu wote walizaliwa na mama mmoja, na hakuna aliyewahi kuwasoma ila mama huyo.

Mwaka ule mvua zilikosekana sehemu nyingi. Serikali ikatuagiza tupeleke mbegu za mahindi vijijini haraka, ili mvua za masika zikija watu wapande. Mbegu nyingine zilitoka nje kwa meli, tukazigawa kwa malori ya kukodi. Karatasi za kazi ile zilikuwa nyingi: kila lori lilikuwa na hati ya mzigo, na nakala ya kaboni ilibaki kwetu. Chumba cha karatasi kikajaa mpaka mlango haufungi.

Meneja wetu, Ndugu Mwaluko, akanijia. Alikuwa mtu wa haki, mwenye haraka kidogo. "Ndugu Somoe, panya wamefanya mji mle ndani. Nataka niondoe karatasi zote na kadi zake. Habari zake zimo kwenye kanda?"

"Zimo, Ndugu Meneja."

"Nakala zipo?"

"Zipo tatu."

"Zimesomwa?"

Sikumjibu kwa mdomo. Nilimfungulia daftari. Akapitisha macho juu ya saini zangu, akatoa kalamu, akaidhinisha. Keshokutwa yake likaja lori la Bwana Awadhi, mwenye duka Mtaa wa Narung'ombe, ambaye alikuwa akinunua karatasi kuukuu kwa kilo na kuwauzia wafungashaji wa sokoni. Zama zile mifuko ya plastiki haikuwapo kama sasa, na karatasi yenyewe ilikuwa adimu. Chochote kilichoandikwa upande mmoja, upande wa pili kilifungia karanga.

Siku chache baadaye mota ya mashine namba mbili iliungua. Fidelis aliifungua, akatikisa kichwa. Kipuri kinatoka nje, na fedha za kigeni zilikuwa za kuombea kibali juu ya kibali. Asubuhi ile, nikiwa peke yangu, nikamchukua mtoto nikamweka kwenye namba moja ili nianze kazi. Mashine ikazunguka, ikasimama, ikarudi nyuma, ikajaribu tena, ikasimama. Nikasafisha kichwa kwa pamba na spiriti. Vilevile. Nikamweka baba. Vilevile.

Nilielewa papo hapo. Mwandiko mbaya.

Hapo ndipo ningeweza kuokoa jambo. Ningetembea hatua ishirini mpaka kwa Ndugu Mwaluko, nikamwambia: Ndugu Meneja, nimeandika uongo kwenye daftari, nakala hazisomeki, tuzirudishe zile karatasi haraka. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Nikamkuta anaongea na simu, nikashukuru Mungu kwamba anaongea na simu, nikarudi. Nikajiambia kipuri kitakuja, namba mbili itafufuka, itasoma kombo lake, nitanakili upya kimyakimya, na hapana mtu atakayejua. Siku kumi na moja nilikwenda kazini, nikasalimia, nikanywa chai, huku najua.

Siku ya kumi na mbili Ndugu Mwaluko aliingia chumba cha mashine na barua mkononi. Hakusalimia. Waliotuuzia mbegu za nje walikuwa wameandika kwamba fungu moja la magunia lilipakwa sumu kali ya wadudu, kama mbegu nyingi zinavyopakwa, lakini kwa makosa ya kiwandani halikutiwa ile rangi nyekundu ya kumwonya mtu asile. Maandishi ya onyo kwenye gunia yalikuwa kwa lugha ya huko kwao.

"Mahindi meupe," akasema Ndugu Mwaluko. "Meupe kabisa, na watu wana njaa. Mtunza ghala anakumbuka fungu hilo lilitoka kwa malori kumi na manne, kila moja na kijiji chake. Wapi, hakumbuki. Madereva ni wa kukodi, wametawanyika. Somoe, niletee orodha ya vijiji kabla ya saa sita."

Fidelis akanijibia kwamba namba mbili imekufa lakini kanda zitasomeka namba moja.

"Hazisomeki," nikasema.

"Mmejaribu?"

"Nimejaribu."

"Lini?"

Nikamwambia lini. Nikamwambia na mengine yote, kuhusu sabuni na saini, nimesimama na sweta langu mikononi kama mtoto aliyekojoa. Ndugu Mwaluko hakupaza sauti. Alikaa kwenye kiti cha mashine, akaushika uso wake kwa viganja.

Tulimleta babu kutoka Gerezani. Alikuwa kama wanawe. Fidelis akachukua bisibisi, akawa anapindisha kichwa cha namba moja kidogokidogo, akitafuta lile kombo la mwenzake. Mpaka alasiri alipata vipande: nusu ya jina la wilaya, magunia bila kijiji, kijiji bila namba ya fungu. Redioni tangazo lilitolewa kwamba mbegu zisiliwe, lakini betri za redio zilikuwa adimu kuliko sukari, na mtu mwenye njaa husikia tangazo kwa sikio moja. Magari tuliyokuwa na kibali cha petroli yalikuwa mawili. Bila kujua pa kuyapeleka yalikuwa mabati tu.

"Karatasi," Ndugu Mwaluko akasema mwishowe. "Nendeni mkatafute karatasi."

Kesho yake alfajiri mimi na Fidelis tulikuwa Narung'ombe, Bwana Awadhi anafungua milango. Alikuwa Mwarabu wa hapahapa Kariakoo, aliyezaliwa mtaa uleule, kikoi kiunoni na miwani iliyofungwa kwa uzi. Tukamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Karatasi zenu nilizipanga pale," akasema, akionesha kona tupu. "Zilikaa zimefungwa kamba, sikuwa nimezigusa. Nilianza kuziuza Jumatano iliyopita."

Fidelis alinitazama, kisha akatazama pembeni. Jumatano ile nilikuwa na siku ya sita ya kujua.

Bwana Awadhi akanipa kigoda, akamwita mkewe alete maji. Kisha akaanza kuhesabu wateja wake kwa vidole: wauza karanga wa Msimbazi, akina mama wa vitumbua Mtaa wa Swahili, wakaanga samaki wa Feri. Nikasema tutawaomba.

"Usiombe, dada," akasema. "Mtu hatoi karatasi aliyoinunua. Chukua hizi." Akatuwekea mabunda ya karatasi safi, bora kuliko zetu. "Mwambie, nipe yako mbaya nikupe yangu nzuri. Atakupa na salamu juu."

Nikamwuliza bei. Akakunja uso kama nimemtukana, akatusukuma nje.

Tulizunguka siku mbili. Msimbazi nilinunua karanga mpaka kikapu kikajaa, nikawa nafungua koni moja baada ya nyingine palepale, namimina karanga upande na kusoma karatasi. Mwuzaji mmoja alinivumilia, akachoka.

"Dada, unanunua karanga au unasoma gazeti?"

"Nasoma, kaka. Kuna watu watakufa nisiposoma."

Aliniangalia kama mwendawazimu. Baada ya dakika chache akachuchumaa pembeni yangu, akawa anafungua na yeye, ananiuliza, "Hii je? Hii ina namba."

Feri, mkaanga samaki mmoja, mama wa makamo aliyeitwa Mama Zena, alikuwa na furushi zima la hati zetu chini ya meza. Za juu zilikuwa zimelowa mafuta.

"Hizo zimeshakula mafuta, mwanangu. Chukua za chini."

"Za juu ndizo nazitaka, shangazi."

Karatasi ikilowa mafuta inakuwa kama kioo. Niliinyanyua juani, na wino wa kaboni ukasimama wazi: namba ya fungu, lori, kijiji. Fidelis akaandika. Mama Zena akaacha samaki wake waungue akiwa anatushikia karatasi upande wa jua, moja baada ya nyingine, mikono yake inanuka pweza na pilipili.

Jioni ya siku ya pili tulikuwa na hati kumi na tatu. Magari yale mawili yaliondoka usiku uleule, kila moja na orodha yake, na simu zikapigwa wilayani palipokuwa na simu. Katika vijiji vile kumi na vitatu magunia yalikusanywa. Katika baadhi yake watu walikuwa wameanza kuugua, wakawahishwa hospitali.

Ya kumi na nne hatukuipata. Nilirudi Kariakoo juma zima, nikiokota karatasi mitaroni. Huenda ilifungia maandazi ya mtu, akanywa chai yake, akaitupa karatasi.

Kijiji hicho kilikuwa kusini, ng'ambo ya Rufiji. Tulikijua pale wagonjwa walipoanza kuletwa hospitali huku Dar.

Nilikwenda hospitali. Hapakuwa na aliyenituma. Nilipika uji wa ulezi, nikanunua machungwa, nikauliza wagonjwa wa kusini wamelazwa wapi. Nikaonyeshwa mwanamke mmoja, labda wa rika langu, jina lake Hadija. Mwanawe wa kiume wa miaka minne alikuwa ameshazikwa. Yeye mwenyewe macho yalikuwa yanaona kama kwenye moshi, na mikono inatetemeka hata kikombe hakishikiki. Nikamlisha uji kwa kijiko.

"Wewe ni nesi?" aliniuliza.

"Hapana. Natoka ofisini tu, hapa mjini."

"Mungu akulipe. Hapa sina ndugu." Akameza, akapumzika. "Nilizisuuza, dada. Niliambiwa mbegu za serikali zina dawa, nikatafuta rangi, sikuona rangi. Zilikuwa nyeupe, nzuri. Hata hivyo nikazisuuza mara tatu."

Nilikwenda mara nne. Kila mara alinibariki. Kila mara nilikuwa na maneno yangu tayari kuanzia ngazini, nikifika kitandani nachukua kijiko. Mara ya tano nikaambiwa mumewe amekuja kumchukua.

Kazini niliandaa barua ya kukiri, nikampelekea Ndugu Mwaluko. Aliisoma amesimama dirishani. Akaikunja, akanirudishia.

"Ripoti nimeshaipeleka," akasema. "Nimeandika mashine iliharibika."

"Lakini si kweli, Ndugu Meneja."

"Mashine haikuharibika?"

"Iliharibika. Lakini si hiyo sababu."

"Ndugu Somoe, ruhusa ya kutoa zile karatasi ina saini yangu." Akakaa. "Nenda kafanye kazi."

Basi nikafanya kazi. Kipuri kilifika baadaye, namba mbili ikafufuka, ikazisoma zile kanda kwa ulaini, na hati ya kumi na nne ikatoka kwenye karatasi ya mashine, kijiji na idadi ya magunia, hakuna hata herufi iliyopungua. Toka hapo sikuacha nakala hata moja bila kusoma, mpaka nikastaafu. Nilisimamia vijana wengi, nikawa mkali, wakanipa majina. Nilipandishwa cheo. Siku ya kuniaga walisema katika hotuba kwamba kwangu hakujawahi kupotea kitu, na watu wakapiga makofi. Nami nikanyanyuka, nikashukuru. Mzee Bruno nilikuwa nimeshamwandikia barua tatu huko Masasi, za salamu na hali ya hewa. Alifariki bila kujua, akinisifu kwa watu.

Watoto wangu walipokuwa watu wazima, nikiwa sina tena kazi ya kupoteza, nilisafiri kwenda kile kijiji. Niliuliza nyumba ya Hadija. Alikuwa amefariki miaka mingi, nikaelekezwa kwa mumewe, Mzee Saidi. Nilimkuta barazani anasuka ukili wa mkeka. Nikamwamkia, akanikaribisha, akadhani natafuta viwanja. Nikamweleza mimi ni nani. Nikamweleza kanda, daftari, saini, na zile siku kumi na moja. Nilizungumza bila kupumzika, kwa kuwa nilijua nikipumzika nitanyamaza.

Alikuwa amesimamisha mikono.

"Hadija alikusema," akasema. "Yule dada wa uji. Mpaka anakufa alikuombea dua."

"Hiyo kusoma," akaniuliza. "Ile kanda. Ilikuwa inachukua muda gani?"

"Kama dakika arobaini, mzee wangu."

Aliinamisha sikio, kama mtu anayedhani hakusikia sawa. "Arobaini?"

"Ndiyo."

Akaweka ukili wake chini, akaupanga vizuri usifumuke. Akanyanyuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani, akarudishia mlango taratibu, bila kuubamiza. Nilikaa pale barazani. Jua lilipohama kutoka miguuni pangu mpaka kwenye ngazi, nikaelewa kwamba hatatoka, nikaenda barabarani kungoja gari la kurudi mjini.